Pumzi ya Injini: Kuchagua na Kutunza Mfumo wa Hewa katika Gari la Spoti

Dereva ajazapo tangi la gari lake hulipia petroli, naye aghalabu hudhani kwamba hicho ndicho chakula chote cha injini. Kwa kweli petroli ni sehemu ndogo tu ya mlo huo. Ili kilo 1 ya petroli iungue kikamilifu, zinahitajika kilo 14.7 hivi za hewa. Hewa hiyo haiuzwi, wala haina kipimo chake kwenye dashibodi, na kwa sababu hiyo wenye magari wengi huisahau mpaka injini ianze kutoa moshi wa buluu.

Wapenzi wa magari ya spoti hawaisahau. Wao huonyeshwa madukani vichujio vya pamba vyenye umbo la pia na mirija ya alumini inayong'aa, huku wakiambiwa kwamba vifaa hivyo huipa injini nguvu zaidi. Je, dai hilo lina ukweli kiasi gani? Na je, injini hulipa nini endapo gari litapita katika barabara ya vumbi? Maswali haya mawili hayahitaji maabara kubwa. Yanaweza kujibiwa kwa fizikia ya shule ya sekondari: kanuni za gesi, mrija wa U wenye maji, na hesabu za asilimia.

Injini huvuta hewa kiasi gani?

Mfano mzuri ni gari la spoti lililojulikana sana katika Afrika ya Mashariki, yaani Datsun 240Z. Gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya East African Safari mara mbili, likiendeshwa na Edgar Herrmann mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973. Injini yake ilikuwa na silinda 6 zenye jumla ya ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, yaani karibu lita 2.4.

Injini ya mapigo manne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda huvuta hewa mara 3,000. Kama silinda zingejaa kabisa kila mara, injini ingevuta:

lita 2.4 x 3,000 = lita 7,200 kwa dakika.

Lakini silinda hazijai kabisa, kwa kuwa muda wa kuvuta ni mfupi mno na njia ya hewa ina vizuizi. Ikichukuliwa kwamba hujaa kwa asilimia 85, kiasi halisi ni kama lita 6,120 kwa dakika, au lita 102 kwa kila sekunde. Mita 1 ya ujazo ya hewa ya pwani yenye nyuzi 20 za Selsiasi ina tungamo la kilo 1.2. Hivyo injini hii humeza zaidi ya kilo 7 za hewa kwa dakika, ambazo hutosha kuunguza nusu kilo ya petroli.

Hesabu hii inaonyesha jambo la msingi. Kinachotoa nguvu ni tungamo la oksijeni inayoingia ndani ya silinda. Kichujio na mrija ni njia tu ya kuifikisha huko. Kwa hiyo mfumo wa hewa hupimwa kwa mambo matatu: uwe na kizuizi kidogo, ulete hewa ya baridi, na ulete hewa safi. Ugumu wa kuchagua unatokana na ukweli kwamba mambo haya matatu hayapatani daima.

Kizuizi na namna ya kukipima

Pistoni ishukapo hupunguza kanieneo ndani ya silinda, na kanieneo ya angahewa, ambayo kwenye usawa wa bahari ni kilopaskali 101 hivi, huisukuma hewa iingie. Kichujio na mirija hupoteza sehemu ya kanieneo hiyo njiani. Swali la mnunuzi lapasa kuwa: sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani katika gari langu?

Jibu hupatikana kwa kifaa rahisi. Mrija wa plastiki unaopitisha mwanga hukunjwa umbo la U na kufungwa kwenye ubao wenye alama za sentimita. Kila mkono uwe na urefu wa sentimita 60 hivi, na maji yajazwe mpaka nusu, ili yasije yakafyonzwa na injini. Ncha moja huunganishwa na njia ya hewa baada ya kichujio, kabla ya kilango kinachofunguliwa na pedali ya mafuta. Ncha ya pili huachwa wazi. Tofauti ya sentimita 10 baina ya pande mbili za maji ni sawa na kilopaskali 1, yaani takriban asilimia 1 ya kanieneo ya angahewa.

Kipimo kichukuliwe gari likipanda mlima, pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho na injini ikizunguka kwa kasi. Anayesoma mrija awe abiria, asiwe dereva, na kazi hiyo ifanywe na fundi mahali pasipo na magari mengine. Kuunguruma kwa injini wakati gari limesimama hakutoi jibu sahihi, kwa sababu injini isiyobeba mzigo huvuta hewa kidogo tu.

Ikiwa maji yatatofautiana kwa sentimita 10, basi hata kichujio kikiondolewa kabisa injini isiyo na turbo haiwezi kupata zaidi ya asilimia 1 au zaidi kidogo ya nguvu yake. Kwa injini ya nguvu-farasi 150, hiyo ni nguvu-farasi moja na nusu. Hakuna kichujio kinachouzwa kinachoweza kupita mpaka huo, kwa kuwa hakuna kichujio kilicho wazi kuliko kutokuwa na kichujio. Ikiwa tofauti itafika sentimita 40, hapo mfumo una kasoro ya kweli: ama kichujio kimeziba, ama mrija umebanwa, ama kisanduku ni kidogo kuliko mahitaji ya injini.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba faida yoyote ya kupunguza kizuizi huonekana pale tu pedali inapokanyagwa hadi mwisho. Katika mwendo wa mjini, kilango cha hewa chenyewe, kikiwa kimefunguka nusu au robo, ndicho kizuizi kikubwa kuliko vyote. Dereva anayesikia mlio mzito zaidi baada ya kubadilisha kisanduku cha asili asifikiri kwamba amesikia nguvu. Kisanduku hicho kilitengenezwa pia kuwa kizibo cha sauti, na alichosikia ni kuondoka kwa kizibo.

Hewa ya baridi

Kwa kanieneo ileile, densiti ya hewa hupungua kadiri halijoto yake halisi, inayopimwa kwa kelvini, inavyopanda. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 za Selsiasi ina kelvini 303. Chini ya boneti, karibu na rejeta na bomba la moshi, hewa yaweza kufika nyuzi 60, yaani kelvini 333. Uwiano wa densiti ni 303 kwa 333, au 0.91. Injini inayovuta hewa ya chini ya boneti imepoteza asilimia 9 ya hewa yake hata kabla haijafika kwenye kichujio.

Tofauti hii ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kichujio. Kwa hiyo kichujio cha pia kilichowekwa wazi pembeni mwa injini, bila kinga ya joto, huweza kupunguza nguvu ingawa kizuizi chake ni kidogo. Mwenye gari amenunua asilimia 1 kwa kuuza asilimia 9. Kisanduku cha asili, ambacho huvuta hewa kupitia mdomo ulio nyuma ya taa au juu ya rejeta, mara nyingi ni bora kuliko kinavyosifiwa.

Wengine huamini kwamba mdomo mpana unaoelekea mbele hujaza injini kwa nguvu ya upepo. Kanieneo inayotokana na mwendo ni nusu ya densiti mara kasi ya mraba. Kwa kilomita 100 kwa saa, yaani mita 27.8 kwa sekunde, kanieneo hiyo ni paskali 460 hivi, ambayo haifiki hata nusu ya asilimia 1 ya angahewa. Faida ya mdomo wa mbele ni hewa ya baridi. Upepo wenyewe huchangia kidogo sana.

Mwinuko wa nchi nao una sauti yake. Katika mwinuko wa mita 1,700, ambao ni karibu na ule wa Nairobi, kanieneo ya angahewa ni kilopaskali 82 au 83. Kwa halijoto ileile, injini iliyopandishwa kutoka Mombasa hupata hewa pungufu kwa takriban asilimia 18. Hakuna mrija wala kichujio kiwezacho kuirudisha hasara hiyo. Ni kompresa tu, kama ile ya turbo, inayoweza kufanya hivyo.

Vumbi: hesabu ya asilimia mbili

Vumbi la barabara lina chembe nyingi za kwatzi. Katika ngazi ya ugumu ya Mohs, kwatzi ina namba 7, ilhali chuma cha kawaida kiko kati ya 4 na 5. Chembe kubwa zinazoonekana kwa macho hunaswa kwa urahisi. Zilizo hatari zaidi ni zile zenye upana wa mikromita 5 hadi 20, wakati unywele wa binadamu una mikromita kama 70. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kupenya, lakini ni kubwa kuliko unene wa utando wa oili ulio baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Zikichanganyika na oili huwa rojo inayosaga chuma kama msasa. Ringi hulika, mgandamizo hupungua, oili hupanda na kuungua, na hapo moshi wa buluu huonekana.

Ichukuliwe kwamba gari linafuata jingine katika barabara kavu ya udongo, na kila mita ya ujazo ya hewa ina gramu 1 ya vumbi. Injini ile ya lita 2.4, ikifanya kazi kwa nusu ya uwezo wake, huvuta mita 3 za ujazo kwa dakika, yaani gramu 180 za vumbi kwa saa. Sasa na vilinganishwe vichujio viwili. Cha kwanza hunasa asilimia 99 ya vumbi. Cha pili, chenye nafasi kubwa zaidi za kupitisha hewa, hunasa asilimia 97.

Kichujio cha kwanza hupitisha gramu 1.8 kwa saa.
Kichujio cha pili hupitisha gramu 5.4 kwa saa.

Mwuzaji husema kwamba tofauti ni asilimia 2 tu. Kwa injini, tofauti ni mara 3, kwa sababu kinachoisaga si vumbi lililonaswa bali ni lile lililopita. Mnunuzi hana budi kuuliza kila mara ni asilimia ngapi inayopita, wala asiridhike na ile inayozuiwa.

Aina za vichujio

Watu wengi hudhani kwamba kichujio hufanya kazi kama chekecheo, kwa kuzuia kila kilicho kikubwa kuliko tundu. Sivyo. Matundu mengi ni mapana kuliko chembe zinazonaswa. Hewa inapokutana na unyuzi huukwepa kwa kupinda. Chembe ya vumbi, kwa kuwa ina inesha, huendelea mbele na kuugonga unyuzi, ikanata.

Kichujio cha karatasi iliyokunjwakunjwa, ambacho mafundi hukiita filta, kina nyuzi nyingi nyembamba na hunasa vizuri sana. Kilicho bora huzuia zaidi ya asilimia 99. Kichujio cha pamba kina tabaka chache za kitambaa chenye nafasi pana, kikategemea mafuta maalumu yanayonasa chembe kama ulimbo unasavyo ndege. Hewa hupita kwa wepesi zaidi, lakini kwa kawaida vumbi laini nalo hupita zaidi. Kichujio cha sponji chenye mafuta hufanya kazi kwa njia hiyohiyo na hubeba vumbi jingi kwa kuwa ni kinene. Magari na matrekta ya zamani yalitumia bakuli la oili ambamo hewa iligeuzwa ghafla na kuacha vumbi lake. Baadhi ya matrekta huwa na kifaa cha kuzungusha hewa mbele ya kichujio, ili chembe nzito zitupwe kando kabla ya kukifikia.

Ipo njia moja ya kupatanisha kizuizi kidogo na usafi, nayo ni eneo. Kichujio cha karatasi chenye eneo maradufu hupitisha hewa kwa mwendo wa nusu, na kizuizi cha karatasi hiyo hupungua kwa karibu nusu, bila kupanua matundu. Kwa hiyo kichujio kikubwa cha karatasi katika kisanduku kikubwa aghalabu hushinda kile kidogo cha pamba katika mizani yote miwili.

Hatari ya maji

Baadhi ya mifumo hushusha mrija hadi karibu na gurudumu ili kufuata hewa ya baridi. Katika msimu wa mvua jambo hili ni la hatari. Kila silinda ya injini ya mfano ina ujazo wa sentimita 400. Ikiwa uwiano wa mgandamizo ni 9 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni sentimita 50 za ujazo tu. Hewa hubanika humo, maji hayabaniki. Maji yanayozidi kipimo hicho, ambacho ni kama vijiko vitatu vya chakula na kidogo zaidi, huisimamisha pistoni njiani, na konrodi hupinda.

Ndiyo maana magari mengi yaliyoshindana katika Safari Rally miaka ya 1990 hadi 2002 yalikuwa na mrija mrefu uliopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Mrija huo haukuongeza nguvu. Wahandisi waliokuwa na uwezo wa kununua kifaa chochote waliamua kuipa injini njia ndefu zaidi ili ipate hewa iliyo juu ya maji ya mitoni na juu ya sehemu nzito ya wingu la vumbi. Katika barabara hizo, ushindi ulikuwa kwanza ni kufika.

Namna ya kuchagua

Kwanza, pima kizuizi cha mfumo uliopo. Kikiwa chini ya kilopaskali 1, fedha zitumike kwingine.

Pili, angalia hewa inavutwa kutoka wapi. Kuziba nyufa za kisanduku na kurudisha mrija wa hewa ya nje uliopotea huleta faida kubwa kwa gharama ndogo.

Tatu, fikiria barabara. Gari la lami na uwanja wa mashindano laweza kuvumilia kichujio kilicho wazi. Gari linaloingia barabara za udongo lahitaji karatasi, tena yenye eneo kubwa.

Nne, katika injini za kisasa zenye kihisio cha kupima hewa, usibadilishe kipenyo cha mrija mahali kihisio kilipo. Kihisio hupima sehemu ndogo ya mkondo na kompyuta hukadiria sehemu iliyobaki. Mrija ukipanuka, makadirio hupotoka, na injini hupewa petroli pungufu.

Tano, hakikisha mrija mdogo wa kupumulia wa bloku ya injini umeunganishwa upya. Ukiachwa wazi, injini huvuta vumbi lisilochujwa.

Namna ya kutunza

Kosa la kwanza ni kutosafisha. La pili, ambalo halijulikani sana, ni kusafisha mno. Kichujio cha karatasi kilichotumika kidogo hunasa vizuri kuliko kipya, kwa kuwa tabaka jembamba la vumbi husaidia kunasa vumbi jingine. Kila kinapofunguliwa bila sababu, tabaka hilo huharibiwa, na vumbi la kisanduku huweza kuangukia upande safi. Kipimo cha mrija wa U ni mwamuzi bora kuliko rangi ya karatasi.

Karatasi isioshwe. Ikilazimu kupulizwa, hewa itoke ndani kwenda nje, kwa kanieneo isiyozidi kilopaskali 200, na mdomo wa bomba uwekwe mbali kidogo. Baadaye taa iwashwe ndani ya kichujio mahali penye giza. Doa moja la mwanga mkali ni tundu, na kichujio hicho hakifai tena.

Pamba ioshwe kwa sabuni yake, isuuzwe kwa maji yenye mwendo mdogo kutoka upande safi, ianikwe kivulini, kisha ipakwe mafuta kwa kiasi. Yakizidi, husafiri hadi kwenye kihisio na kukifunika. Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni. Petroli huiharibu na huweza kuleta moto.

Kisha kila kiungo kikaguliwe. Pitisha kidole ndani ya mrija baada ya kichujio: mstari wa vumbi humaanisha kwamba mpira umepasuka au klipu imelegea, na hapo hata kichujio bora kuliko vyote hakina kazi. Injini isiwashwe bila kisanduku chake, hasa yenye kabureta, kwa maana kisanduku huzuia pia mwali unaoweza kurudi nyuma.

Maswali ya darasani

1. Injini ya mapigo manne yenye lita 1.6 inazunguka mara 5,000 kwa dakika, na silinda zake hujaa kwa asilimia 80. Huvuta lita ngapi za hewa kwa dakika?

2. Halijoto ya hewa inayoingia imepanda kutoka nyuzi 27 hadi 77 za Selsiasi. Densiti imepungua kwa asilimia ngapi?

3. Kichujio A hunasa asilimia 99.5 ya vumbi na B asilimia 98. B hupitisha vumbi mara ngapi zaidi ya A?

4. Kwa nini mfumo wa hewa usipimwe injini ikiunguruma bila mzigo?

Majibu: (1) 3,200. (2) Takriban 14. (3) Mara 4. (4) Kwa sababu kilango cha hewa hufunguka kidogo tu, na hewa inayopita ni chache mno kuonyesha kizuizi cha kichujio.